Antibodi nne za SAMHD1 nilizotumia hapa Dar: ipi ununue, ipi uache

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa mastazi kaja mezani kwangu na profoma mkononi, "dada shikamoo, naomba uniangalizie hii kabla sijampelekea Dokta asaini". Nikaangalia nikakuta ni ileile poliklono ya sungura, yaani mchanganyiko wa antibodi kutoka damu ya sungura, niliyonunua mimi miaka mitatu iliyopita, kampuni ileile, namba ya katalogi ileile, na tovuti bado inaonyesha ile picha ya bendi moja nyeusi tii imesimama peke yake. Nikamwambia marahaba, kaa kwanza. Tulikaa karibu lisaa, na tulivyomaliza nikaona bora niandike kabisa, maana rivyu nyingi za antibodi, hizi protini za kunasia na kuonyesha protini unayoitafuta, zinaandikwa na watu ambao ikizingua leo wanaagiza nyingine na keshokutwa iko mezani. Sisi ikizingua ndo unarudi kuanza upya, profoma, saini, malipo, ndege, forodha, wiki sita hizo kama mambo yameenda vizuri.

Majina ya kampuni sitaji. Nitasema aina, mnyama aliyetoka, na ilivyofanya kazi kwenye mikono yangu, hayo ndo yatakusaidia.

Kwa ambao hamjakutana nayo, SAMHD1 ni kimeng'enya kinachokata dNTP, yale matofali manne ambayo seli inajengea DNA. Kinashika tofali, kinanyofoa fosfeti zote tatu kwa mkupuo mmoja, linabaki halifai kujengea. Seli inayogawanyika inahitaji matofali mengi, lakini makrofeji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, iliyokwisha komaa haigawanyiki, kwa hiyo SAMHD1 inahakikisha ghala linakaa karibu tupu. Sasa VVU akiingia humo anataka matofali hayohayo ili anakili jenomu yake ya RNA kuwa DNA, anakuta hamna kitu, anakwama. Ilijulikana 2011, timu mbili, moja ya Montpellier kule Ufaransa na nyingine ya Cleveland Marekani, kila moja ikionyesha kwamba hii ndo protini ambayo Vpx inaisukuma kwenda kuvunjwa, na Vpx ni protini ya kirusi, silaha iliyopo kwenye HIV-2 na baadhi ya virusi vya nyani ila HIV-1 hana. Mwaka huohuo watu wa London wakaonyesha ile kazi yenyewe ya kukata dNTP. Miaka miwili nyuma, 2009, jini lake lilikuwa limeshatajwa kwenye ugonjwa wa watoto wa Aicardi-Goutières. Alafu 2017 ikaonekana kinakata hata sitarabini, ile dawa ya lukemia, ikishavaa fosfeti zake tatu ndani ya seli, kwa hiyo mgonjwa ambaye seli zake za lukemia zina SAMHD1 nyingi dawa inamfanyia kazi kidogo. Ndo maana antibodi hii inatafutwa na watu wa VVU na watu wa saratani pia, na ndo maana soko limejaa.

Mimi niko upande wa VVU. Huku kwetu virusi vilivyotawala ni HIV-1, HIV-2 makao yake makuu ni Afrika Magharibi, na swali langu lilikuwa kuhusu makrofeji zinazotokana na damu ya watu wa hapahapa. Nachukua damu ya mtu aliyekubali kwa saini yake, natenganisha monosaiti, aina ya seli nyeupe, nazilea siku saba mpaka ziwe makrofeji, napima SAMHD1. Naomba hili la damu mlikumbuke tunavyoendelea.

Ya kwanza basi, ile poliklono ya sungura. Niliichagua kwa sababu tatu, bei ilikuwa chini kuliko nyingine zote, picha ilikuwa nzuri, na ilikuwa imetajwa kwenye paper nyingi. Ikafika, nikaitumia 1:1000, yaani sehemu moja kwa elfu, kwenye westani bloti (protini unazitenganisha kwa uzito kwenye jeli, unazihamishia kwenye utando, antibodi inaionyesha yako kama bendi), seli za THP-1 kwanza, hizi ni seli za lukemia za kulea zinazofanana na monosaiti, bendi ikatoka nzito palepale kwenye 72, protini hii ina amino asidi 626 na uzito wake unaotarajiwa ni kilodaltoni 72 kwa hiyo nikafurahi sana. Nikaingia kwenye makrofeji za watu, bendi ipo kila sampuli. Miezi minne nikawa naenda nayo, nimepima wachangia damu kumi na moja, naona tofauti ndogondogo kati ya mtu na mtu nazipigia hesabu.

Kilichonistua ni Jurkat. Jurkat ni seli T za lukemia na zinajulikana kwa kukosa SAMHD1, jini lipo ila limefungwa, kwa hiyo ndo kontroli hasi ya bure ambayo maabara nyingi zinayo tayari kwenye naitrojeni. Sisi tulikuwa nazo tangu nimeanza kazi hapo. Sikuwa nimeziweka kwenye jeli hata mara moja, kwa sababu visima ni kumi na damu za watu zilikuwa muhimu zaidi kwangu. Siku hiyo damu moja iliganda njiani nikabaki na kisima kitupu, nikaweka Jurkat. Bendi ikatoka. Sio hafifu, bendi kabisa, palepale.

Niliangalia ile filamu mpaka macho yakauma. Nikarudia kesho yake, ikatoka tena. Nikamwita kaka fundi wetu wa maabara, yeye kakaa na hizi bloti miaka ishirini na kitu, akauliza maswali mawili tu. "Jeli yako asilimia ngapi?" Nikamwambia kumi na mbili. "Na utando unaukata?" Nikamwambia ndio kaka, nakata kwenye 55 na kwenye 100 ili nitumie antibodi kidogo, kipande cha chini naweka antibodi ya aktini, protini iliyopo kila seli, ya kulinganishia. Akasema tengeneza jeli ya asilimia 8, iache ikimbie mpaka ile alama ya 55 inakaribia kutoka chini, na utando usiukate hata kidogo.

Nilivyofanya hivyo ikaonekana yote. Kwenye THP-1 kulikuwa na bendi mbili zimebanana, moja kwenye 72 na nyingine chini yake kidogo tu, na kwenye Jurkat ilikuwepo ile ya chini peke yake. Kwenye jeli ya asilimia 12 zilikuwa zimelaliana zinaonekana moja. Na juu, kwenye 130 na zaidi, kulikuwa na mistari mingine mitatu ambayo nilikuwa naikata na kuitupa kwenye ndoo kila siku bila kujua. Yaani antibodi ilikuwa inaiona SAMHD1 ni kweli, ila inaona na protini nyingine yenye uzito wa karibu, na zile tofauti za mtu na mtu nilizokuwa nazipigia hesabu zilikuwa za protini mbili zimechanganyika.

Watu kumi na moja. Kila mmoja alikaa kwenye kiti, akakunja shati, akatoa mililita hamsini, akaniuliza dada hii itasaidia nini nikamweleza vizuri kwa moyo wote. Sampuli za watu wanne zilikuwa zimebaki kwenye friza nikazirudia baadae na antibodi nyingine, za watu saba ziliisha. Mpaka leo hili linaniuma kuliko hela, na hela ilikuwa ya ruzuku ndogo ambayo haikurudi.

Niliwaandikia kampuni, nikatuma picha zote, jeli ya 8 na ya 12, Jurkat na THP-1, namba ya loti. Walijibu baada ya siku kumi na mbili, wakauliza nilitumia maziwa au BSA (protini ya damu ya ng'ombe) kuziba utando ili antibodi isishike ovyo, nikajibu nimejaribu vyote, wakasema dhamana ni ya mwaka mmoja ila inahusu matumizi na seli zilizoorodheshwa kwenye karatasi yao, na Jurkat haimo. Wakanipa punguzo la asilimia 20 kwa bidhaa nyingine. Sikulitumia. Nawapa nyota 1 kati ya 5 na hiyo moja ni kwa sababu SAMHD1 yenyewe inaiona, ukiwa na jeli nzuri na seli za kulinganisha unaweza ukaishi nayo, lakini kwa damu ya watu usiiguse. Na poliklono ina tatizo jingine la kuzaliwa nalo, inatoka kwenye damu ya sungura fulani, sungura huyo akiisha anachanjwa mwingine, loti mpya ni mchanganyiko mpya hata kama namba ya katalogi haijabadilika. Zile paper nyingi nilizoziona zilitumia loti za miaka ya nyuma, huwezi kujua kama ndo kitu kilekile kilicho kwenye kichupa chako.

Ya pili ndo ninayomshauri kila mtu, monoklono ya sungura iliyo rikombinanti. Monoklono ni antibodi ya aina moja tu, sio mchanganyiko. Rikombinanti maana yake wameshachukua mfuatano wa jini la antibodi wanaitengenezea kwenye seli za kulea, hakuna mnyama wa kuisha, loti ya leo na ya miaka mitano ijayo ni molekuli ileile. Bei iko juu, kwangu ilifika dola 430 kwa maikrolita 100 kabla ya usafiri, na nilinung'unika sana kuilipia. Ila sikuinunua kwa macho tena. Nilimwandikia mtafiti mmoja Ujerumani ambaye nilikaa kwenye maabara yao miezi mitatu kwa mafunzo, nikamwomba seli za THP-1 ambazo jini la SAMHD1 limeng'olewa kwa CRISPR, ule mkasi wa kukatia jini, akanitumia vichupa viwili bure, Mungu ambariki. Hiyo ndo kontroli ya kweli, seli ni zilezile, tofauti ni jini moja tu. Nikaweka THP-1 za kawaida, zilizong'olewa, Jurkat, HeLa (seli za saratani ya kizazi za kulea), na makrofeji za mtu mmoja, utando mzima bila kukata.

Bendi moja kwenye THP-1. Bendi moja kwenye HeLa. Kwenye zilizong'olewa hamna, kwenye Jurkat hamna, nikiacha filamu dakika kumi bado hamna. Nilikaa chini kwenye kistuli nikashukuru.

Nikaongeza na jaribio lingine ambalo nalipenda zaidi kwa sababu ni la kibayolojia yenyewe. Makrofeji nikazipa vijichembe vya kirusi vilivyobeba Vpx, vile visivyo na uwezo wa kuzaliana, nikakusanya kila baada ya masaa. Vpx inaikamata SAMHD1 inaipeleka kwenye mashine ya seli ya kuvunja protini, kwa hiyo antibodi kama ni ya kweli bendi lazima ipungue mpaka ipotee huku aktini imekaa pale pale. Ikapungua, na baada ya saa 24 ilikuwa kivuli. Ile poliklono nikaiweka pembeni kwenye utando mwingine kwa ajili ya kulinganisha, bendi ya juu ikapotea, ya chini ikabaki imesimama. Picha hizo mbili nimezibandika ukutani kwenye chumba cha jeli, kila mwanafunzi mpya naanza naye pale.

Hii rikombinanti inakubali 1:2000 bila shida, mi mara nyingi naenda 1:3000 kwa makrofeji. Na siitupi, mchanganyiko wake wa BSA asilimia 5 naweka na azidi kidogo sana ya sodiamu isiote vijidudu naihifadhi kwenye nyuzi 4, natumia mpaka mara sita nikiandika tarehe juu ya tyubu kila mara. Ila angalizo, azidi inaua HRP, kimeng'enya cha kuwasha bendi, na antibodi yetu ya pili, ile inayoishika hii ya kwanza, ndo imebeba HRP, kwa hiyo utando uoshe vizuri kabla hujaweka ya pili na usije ukaweka azidi kwenye hiyo ya pili. Na azidi ni sumu, vaa glovu, usimwage kwenye sinki. Ukipiga hesabu kwa namna hiyo kila bloti inakuwa rahisi kuliko ile ya bei nafuu ambayo nilikuwa natumia 1:1000 mara moja natupa. Nyota 5. Mapungufu yake ni kwamba kwenye seli zilizohifadhiwa kwa fomalini ili kuangaliwa kwenye hadubini haikunipa kitu kizuri, ilitia rangi kiasi kwenye kiini lakini na hata seli zilizong'olewa zikapata rangi kidogo, kwa hiyo mimi naiheshimu kwenye bloti tu. Antibodi kuona protini iliyonyooshwa kwenye SDS, ile sabuni ya jeli, ni jambo moja, kuiona ikiwa imejikunja ndani ya seli ni jambo jingine, usihamishe imani kutoka kwenye bloti kwenda kwenye hadubini.

Ya tatu ni ya fosfo, ile inayoiona SAMHD1 ikiwa na fosfeti kwenye threonini 592 peke yake. Hii ilikuja kuhitajika kwa sababu kuwepo kwa SAMHD1 sio habari yote. 2013 ilionyeshwa kwamba seli zinazogawanyika zinaibandika fosfeti hapo, kazi hiyo inafanywa na CDK, vimeng'enya vya kuendesha mgawanyiko wa seli, wakiwa na mwenzao saiklini A2, na ikishabandikwa uwezo wa kumzuia VVU unapotea ingawa protini ipo palepale kwa wingi. Kwa hiyo ukipima jumla peke yake unaweza ukamwambia mtu makrofeji zake zina ulinzi kumbe sehemu kubwa imezimwa.

Mwanzoni nilidhani nimepata kichupa kibovu. Hamna bendi, au ukungu mweusi utando mzima. Nikaandika barua ya malalamiko nikaiacha kwenye kompyuta bila kutuma, nikasoma tena protokali zetu neno kwa neno. Makosa yalikuwa yetu. Kwanza tulikuwa tunablok na maziwa ya unga, yale ya dukani, na maziwa yamejaa kazeini ambayo yenyewe imebeba fosfeti, weka BSA. Pili bafa yetu ya kupasulia seli ilikuwa na vizuizi vya kukata protini tu, haikuwa na vizuizi vya fosfatezi, vimeng'enya vya kung'oa fosfeti, kwa hiyo nikishapasua seli vimeng'enya vyake vinang'oa fosfeti huku mimi natafuta pipeti. Sasa hivi naweka sodiamu floridi na vanadeti, na kila kitu kwenye barafu, kuanzia kuosha seli mpaka zinaingia kwenye bafa ya sampuli sizidishi dakika kumi na tano. Tatu tulikuwa tunaoshea PBS, maji ya chumvi yenye fosfeti, nikahamia TBS, isiyo na fosfeti, kwa ajili ya usalama, hili la tatu sijalipima peke yake ila sijarudi nyuma.

Baada ya hapo ikawa nzuri sana. Kontroli yake ni rahisi hata kwa maabara isiyo na hela, chukua THP-1 zinazogawanyika, nusu wape kemikali ya PMA siku mbili zigeuke kama makrofeji, nusu ziache. SAMHD1 ya jumla inatakiwa kuonekana kote, ya fosfo inatakiwa kuwa nzito kwenye zinazogawanyika na kushuka sana kwenye zilizopewa PMA. Na ukitaka kumaliza ubishi kabisa chukua nusu ya sampuli uipe fosfatezi ya lamda nusu saa, bendi ya fosfo ipotee, ya jumla ibaki. Zangu zote zilipita. Nyota 4, ile moja nimeitoa kwa sababu karatasi yao haisemi popote kuhusu maziwa, na mtu wa mbali asiye na wa kumuuliza atapoteza kichupa kizima kabla hajajua. Nimewaandikia kuhusu hilo na walinijibu siku ya pili kwa heshima, wakasema wataliweka.

Ya nne ni monoklono ya panya, iliyounganishwa tayari na rangi kwa ajili ya flo saitometri, mashine inayopima mng'ao wa seli mojamoja. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu nimeitumia mara tano tu, mashine ya flo tunapanga foleni na taasisi nyingine. SAMHD1 inakaa zaidi kwenye kiini kwa hiyo lazima ufungue mpaka utando wa kiini, seti ya kemikali za kufungulia utando wa nje peke yake haitoshi, metanoli baridi ilinifanyia kazi vizuri zaidi kuliko saponini. THP-1 dhidi ya zilizong'olewa vilima viwili vimeachana wazi. Kwenye makrofeji za watu shida ni kwamba zenyewe zinang'aa bila rangi yoyote na zina vipokezi vingi vya Fc vinavyodaka antibodi kwa mkia, weka kizuizi cha Fc na uwe na kontroli ya isotaipu ya panya (antibodi ya aina ileile isiyolenga kitu), la sivyo kila kitu kitaonekana chanya. Nyota 4 kwa THP-1, na kwa makrofeji nyota 3 mpaka nitakapopata muda zaidi na mashine.

Kuhusu huduma ya kufikishiwa mzigo nayo niseme kwa sababu huku ndo nusu ya bidhaa. Nimetumia mawakala wawili. Wa kwanza alikuwa na bei nzuri kwenye profoma lakini mzigo ukitua anapotea, rikombinanti yangu ya kwanza ilikaa uwanja wa ndege kuanzia Alhamisi mpaka Jumatano kwa sababu karatasi moja ya kibali ilikuwa haijapelekwa, tukaifungua barafu imekuwa maji ya uvuguvugu. Nilitaka kulia. Ila nikaipima ile antibodi sambamba na kichupa kingine kilichokuja kwa baridi safi baadae, hamna tofauti, IgG, yaani aina ya antibodi hizi, ni ngumu kuliko tunavyoogopa, siku chache za joto la kawaida inavumilia, kinachoiua haraka ni kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Kwa hiyo msitupe kichupa kwa sababu barafu imeyeyuka, pimeni kwanza. Zenye gliseroli nusu kwa nusu hazigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hizo acha kama zilivyo. Zisizo na gliseroli gawa vitone vya maikrolita 10 siku ileile inapofika.

Wakala wa pili ni ghali kidogo, ni dada mmoja na vijana wake wawili, anapiga simu mzigo ukiwa bado Nairobi au Addis, anauliza kibali kiko wapi, anakuja nao mwenyewe mchana na anasubiri uufungue mbele yake. Mara moja umeme ulikuwa umekatika kwetu tangu asubuhi akaondoka na mzigo akauweka kwenye friji yake yenye jenereta mpaka kesho yake, hakutoza kitu. Kuanzia hapo sijahama. Na kwa ajili ya umeme huo, antibodi zetu zote ziko ndani ya boksi la povu ndani ya friza na vifuko vya jeli vimezizunguka, umeme ukienda masaa kumi ndani ya boksi bado ni baridi, na friza yenyewe isiwe ile ya kujiyeyusha barafu yenyewe maana inapasha na kugandisha kila siku bila wewe kujua.

Narudi kwa yule mdogo wetu na profoma yake. Aliniuliza swali zuri, "sasa dada, mbona hii imetajwa kwenye paper nyingi kama ni mbaya?" Nikamwonyesha ile kazi ya YCharOS, kundi lililoanzia Montreal Kanada, waliyochapisha 2023, walipima antibodi 614 za protini 65 kwa njia moja, seli za kawaida dhidi ya zilizong'olewa, na wakakuta kwa wastani kila protini ina paper kama kumi na mbili zilizotumia antibodi ambayo haikuiona kabisa ile protini, na rikombinanti ndo zilifanya vizuri kuliko monoklono za kawaida na poliklono. Kampuni zenyewe zilivyoonyeshwa matokeo ziliondoa baadhi sokoni na kubadilisha maelekezo ya nyingine. Kwa hiyo idadi ya paper inakwambia watu wangapi walinunua. Nikamwambia kwenye tovuti ya muuzaji tafuta picha moja tu, ya seli zilizong'olewa jini, utando mzima, kama haipo mwandikie aitume, akishindwa mwache. Na kwenye tasnifu yake aandike namba ya RRID, ile namba ya kudumu ya kutambulisha antibodi, na namba ya loti, asiishie jina la kampuni.

Profoma tumeichana, tumeomba ya rikombinanti kwa kichupa kidogo cha maikrolita 20, kipo kwa wauzaji wengi ukiuliza ingawa kwenye ukurasa hakionekani mara moja. Dola 160. Jurkat nimemtolea kwenye naitrojeni jana, zimeamka vizuri, na seli zilizong'olewa ataanza kuzilea Jumatatu. Damu ya mtu hatachukua mpaka nione hiyo bloti ya kwanza.